Maswali ya Wasomaji: Mandhari Mpya Juu ya Mchoro wa Zamani

SWALI: Bwana Mhariri, asalaam aleikum. Nina kanvasi ya sentimita 60 kwa 90 niliyochorea Fort Jesus miaka mitatu iliyopita. Sikuipenda tangu siku ya kwanza: ukuta umekaa kama boksi na anga limekuwa zito. Kanvasi mpya ni ghali. Nataka kuchora juu yake mikoko ya hori la Tudor, hapa Mombasa, wakati maji yamekupwa. Je, nipake nyeupe tu nianze?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Usione haya kuitumia tena. Van Gogh alikuwa akifanya hivyo kwa kukosa pesa, na mwaka 2008 eksirei ilionyesha uso wa mwanamke chini ya mchoro wake mmoja wa majani. Lakini nyeupe isubiri kwanza. Hukutwambia ulichorea rangi gani, na hilo ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata.

Chukua pamba, itie spiriti, usugue pembeni mahali pasipoonekana, mara kumi hivi. Rangi ikilainika na kunata kwenye pamba, ni akriliki, yaani rangi ya kuchanganya na maji. Isipotoka, ni ya mafuta. Rangi ya mafuta hukaa vizuri juu ya akriliki iliyokauka. Kinyume chake hakifai: akriliki juu ya mafuta haipati pa kushika, na siku moja itabanduka kama ganda. Kwa sababu hiyo hiyo usipake jeso ya akriliki (ile rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi) wala rangi ya ukutani juu ya mchoro wa mafuta, hata muuza duka akikuapia.

Tuseme ni ya mafuta. Rangi hiyo haikauki kama nguo kambani. Inakauka kwa kunywa oksijeni ya hewani, kuanzia juu kwenda chini. Kwa hiyo juu panaweza kuwa pakavu na ndani bado pakawa laini. Bonyeza ukucha mahali palipo na rangi nene kuliko pote. Ukiacha alama, ngoja. Kwa miaka mitatu yako sidhani kama itakusumbua, ila kama ulipaka rangi nene kwa kisu cha rangi, hakikisha. Na kama ulipaka vanishi, itoe kwanza, maana rangi mpya itaishikilia vanishi badala ya kuushika mchoro.

Sasa isimamishe kanvasi kando ya dirisha, mwanga uje kutoka ubavuni. Utayaona matuta yote ya brashi: kingo za ukuta, mabati, mawingu. Haya ndiyo yanayowaumbua wengi. Rangi mpya inaficha rangi ya zamani, haifichi tuta, na mstari wa ngome utapita katikati ya maji yako kila jua likiingia sebuleni. Yakwangue kwa kisu cha rangi, kisha piga msasa namba 220 uliolowa maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Kabla hujasugua, weka ubao au kitabu kigumu nyuma ya kitambaa, ndani ya fremu, la sivyo mbao za fremu zitachora mistari yao juu. Usipige msasa mkavu: baadhi ya rangi zina kadmiamu, na baadhi ya za zamani zina madini ya risasi, zote ni sumu, na vumbi lake si la kuvuta. Barakoa ivaliwe hata hivyo. Lengo si kufika kwenye kitambaa; unataka tu uso uache kung'aa na mkono upite bila kukwama. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, mara mbili, kutoa chumvi ya hewa ya bahari na mafuta ya mikono, kisha iache ikauke siku mbili.

Kufunika sasa. Changanya vijiko vinne vya nyeupe ya titani na nusu kijiko cha umba (rangi ya kahawia ya udongo), uilegeze kwa tapentaini mpaka iwe kama tui la kwanza. Umba inafanya mchanganyiko ukauke upesi, na rangi ya kijivu-kahawia inakupa mwanzo mzuri kuliko nyeupe kali. Paka kwa brashi pana, kwa wembamba, iache wiki nzima. Ukiona ngome bado inachungulia, rudia. Tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ziwe na zaidi. Ukigeuza, ya chini itaendelea kusinyaa na ya juu itapasuka.

Lakini si lazima uifunike yote, na hapa ndipo tungependa utulie. Rangi ya mafuta inazidi kupenya mwanga kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo weusi wa zamani ukiwa chini ya anga jepesi unaweza kujitokeza baadaye. Geuza kanvasi kichwa chini uitazame. Pale palipo na kivuli cha ukuta, simamisha mikoko yako. Zile rangi za ukuta, manjano na kahawia, zinafanana sana na tope la Tudor maji yakipwa: ziache zionekane kati ya mizizi, na zile ncha za mizizi ya mchu, aina ya mkoko, zinazochomoza kama penseli zichore moja kwa moja juu yake. Tope lililochorwa juu ya nyeupe safi mara nyingi hutoka kama chokoleti.

Matambara yenye mafuta ya kitani, yale yaliyomo kwenye rangi ya mafuta, usiyafinyange ukayatupa kwenye ndoo. Yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yatandaze nje yakauke au yazamishe majini.

SWALI: Nilipaka akriliki juu ya mchoro wa mafuta, na sasa inatoka vipande vipande. Nitaiziba vipi?
Msomaji, Likoni

JIBU: Dada, usizibe. Gundi itashika kipande hiki, kesho kitoke cha jirani. Ingiza kisu butu chini ya ukingo ulionyanyuka na uvute taratibu. Mara nyingi itatoka ngozi nzima, na mchoro wa mafuta utabaki mzima chini yake. Piga msasa kama tulivyoeleza hapo juu, uendelee kwa rangi za mafuta tu.

SWALI: Kanvasi yangu ya zamani imelegea na nyuma ina madoadoa meusi. Bado inafaa?
Msomaji, Mtwapa

JIBU: Kulegea ni kazi ya unyevu: gonga vile vipande vya kabari vilivyo kwenye pembe nne za fremu, kidogo kidogo, kwa zamu. Usiinyunyizie maji nyuma. Itakaza leo na kulegea kesho. Madoadoa ni kuvu. Itoe nje, vaa barakoa, piga brashi kavu. Kisha vuta kitambaa kwa vidole karibu na doa: kikichanika au kikitoa nyuzi, kimeoza, na hakuna rangi itakayokiokoa. Tunza fremu, tia kitambaa kipya.