Usitoke mahakamani kabla hakimu hajaahirisha shauri

Wadogo zangu mnaosomea uandishi wa habari, kila msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, hapa Arusha nawapokea mkiwa na ari, na kila msimu mnanipandisha presha kwa kosa lilelile. Nawapenda, ndiyo maana nasema.

1. Kaa mpaka shauri liahirishwe. Kijana mmoja, hodari kweli, alimsikiliza shahidi wa upande wa mashtaka akieleza alivyomwona mshtakiwa usiku akitoka ghalani na magunia ya kahawa. Akaona kichwa cha habari kimepatikana, akatoka mbio kuwahi dedlaini. Huku nyuma wakili wa utetezi akaanza maswali ya dodoso: taa ilikuwepo? Ulisimama umbali gani? Shahidi akaishia kukiri kwamba sura hakuiona, alitambua koti tu. Gazeti likatoka na nusu ya kwanza. Asubuhi mke wa mshtakiwa akaja chumba cha habari, nakala mkononi, akauliza kwa utulivu: “Aliyeandika hii aliondoka saa ngapi?” Tulichapa marekebisho, lakini wanawe walikuwa wameshaitwa watoto wa mwizi shuleni. Dedlaini ikikubana, piga simu dawatini useme kesi bado inaendelea. Mhariri mwenye akili atasubiri, au ataisogeza habari hadi kesho.

2. Zima simu, shika daftari.

3. Bahasha ya “nauli” usiiguse, hata kama wenzako wote wamepokea.

4. Soma hukumu. Mnakariri nadharia za mawasiliano kwa ajili ya UE, mtihani wa chuo, ilhali katika mji huuhuu, tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliwatia hatiani Nahimana na Barayagwiza, waanzilishi wa RTLM, kwa mambo ya redio hiyo iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda, pamoja na Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo. Nahimana alibaki na hatia kwa sababu hakuwazuia wala kuwaadhibu watangazaji waliokuwa chini yake, kwa matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994, mauaji yalipoanza. Mnaoota kuwa wahariri, hapo pasomeni mara mbili.

Kumbukumbu za mahakama ile zinatunzwa Lakilaki, hapahapa Arusha, na hukumu zinasomeka bure mtandaoni. Anzeni na ya rufaa. Mkija dawatini Jumatatu, nitawauliza.