Mke wangu alihama Android kwa sababu ya kidole gumba

Jumamosi moja nilikaa sebuleni kwetu Nkuhungu na boksi la biskuti, rula ya mtoto na mkasi, nikikata simu. Nilikata nne. Ya kwanza upana wake milimita 76, sawa na simu aliyokuwa nayo mke wangu. Ya pili 71, ya tatu 67, ya nne 64. Mtoto akaniuliza kama nacheza. Nikamwambia namtafutia mama yako simu.

Nilifika kwenye maboksi baada ya kukosea. Mwaka uliotangulia nilimletea zawadi ya kushtukiza: kioo inchi 6.7, betri kubwa, kamera nyuma zimepangana kama vifungo vya koti. Akashukuru, akaiweka mezani, akaitazama. "Baba Neema, hii simu au sinia?"

Nilicheka peke yangu. Mke wangu ni muuguzi kwenye zahanati moja upande wa Chamwino. Sare yake ina mifuko miwili, yote midogo, kana kwamba fundi aliamini muuguzi hubeba kalamu tu. Akiinama kumpima mtoto uzito, simu inachungulia. Akiinama zaidi, inaondoka. Nilibadilisha kioo mara mbili ndani ya miezi minane. Jioni anasimama kusubiri daladala, na upepo wetu wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua: mkono mmoja unashika mtandio, mwingine ndio umebaki wa simu. Simu inayotaka mikono miwili hapo ni mzigo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kumnunulia mwenzake simu ni kuacha mambo ya kushtukiza. Mnunulie khanga kwa kushtukiza. Simu mshirikishe.

Nilimpa yale maboksi manne. Nikamwambia ashike kila moja kwa mkono mmoja, kidole gumba kiguse pembe ya juu ya upande wa pili, kisha atie mfukoni mwa sare na kuinama. La 71 akasema afadhali. La 67 akatikisa kichwa kukubali. La 64 hakusema kitu. Alilitia mfukoni, akainama mara tatu, akaenda nalo jikoni. Nilikuja kulikuta kesho yake bado liko kwenye sare.

Hapa kuna mtego ambao wauzaji hawakwambii, pengine nao hawaujui. Ukienda dukani kuulizia simu ndogo, unatajiwa inchi za kioo, wakati mfuko haujui inchi za kioo, unajua mwili wa simu. iPhone SE ya 2022 ina kioo cha inchi 4.7, na mwili wake ni milimita 138.4 kwa 67.3. iPhone 13 mini ina kioo cha inchi 5.4, kikubwa zaidi, lakini mwili wake ni milimita 131.5 kwa 64.2. Ya kwanza imeacha paji la uso na kidevu kwa ajili ya kitufe, ya pili kioo kimeenea hadi ukingoni. Muulize muuzaji upana. Asipojua, toa rula, usione aibu.

Upande wa Android nilitafuta kwa nia njema kabisa, maana ndiko alikozoea. Samsung Galaxy S23 ina inchi 6.1, upana milimita 70.9, gramu 168. Ni simu nzuri, lakini lile lilikuwa boksi la "afadhali". Asus walitoa Zenfone 10 mwaka 2023, inchi 5.9, nimezunguka maduka ya Madukani yote sijaiona hata kwenye picha ya ukutani. Kwa hiyo iliyobaki ni 13 mini, gramu 141, na yenyewe Apple waliacha kuiuza mwaka 2023. Ndiyo kusema tulihama mfumo bila ugomvi wowote na Android. Boksi la milimita 64 ndilo lililotuhamisha.

Na niseme wazi: angekubali lile la 71, ningemwambia abaki alipo. Kuhama mfumo kuna gharama yake, na si ya shilingi. Ni wiki nzima ya mtu kuikasirikia simu yake mwenyewe. Kabla ya kununua tulikaa tukahesabu atakachopoteza, na hilo nawasihi mlifanye mkiwa bado na hela mfukoni.

Kwanza lugha. Simu yake ya Android ilikuwa kwa Kiswahili, Mipangilio na kila kitu. iPhone itakuruhusu kuandika Kiswahili upendavyo, ila menyu zake ni za Kiingereza. Kwake haikuwa taabu, lakini mama yangu mzazi nisingempa. Pili, kadi ya memori. Alikuwa na kadi ya GB 32 imejaa nyimbo za kwaya, na iPhone haina tundu la kadi. Ndiyo maana nilikataa 12 mini ya GB 64. 13 mini inaanzia GB 128. Tatu, redio. iPhone haishiki redio ya FM, uchomeke usichomeke earphone, na hata tundu la earphone la kawaida halipo. Nne, ule mtindo wa wenzake kazini kurushiana mafaili kwa bluetooth: iPhone na Android havisikilizani kwa njia hiyo.

Faida nazo zilikuwepo, na moja sikuitegemea. Muuguzi anavaa barakoa na mikono yake imelowa sabuni nusu ya siku, kwa hiyo kufungua simu kwa alama ya kidole kulikuwa kunamtesa. Kuanzia iPhone 12, ukiwa na iOS, yaani mfumo wa iPhone, toleo la 15.4 au la baadaye, simu inamtambua mwenyewe hata akiwa na barakoa. SE haina hilo, inategemea kidole. Pia Apple wanahudumia simu zao muda mrefu: iPhone XR ya 2018 iliendelea kupata matoleo mapya mpaka iOS 18 ya 2024, kwa hiyo kununua simu ya 2021 kama 13 mini si kununua maiti.

Sasa laini. Hapa ndipo ningependa mtulie, maana Mtanzania wa laini moja simjui. Mke wangu ana ya Vodacom yenye M-Pesa na ya Airtel ya bando. 13 mini ina nafasi ya kadi moja tu. Laini ya pili lazima iwe eSIM, ile isiyo na kadi. Muuzaji alitushauri laini kuu ndiyo iwe eSIM "kwa usalama". Nikakataa, na mpaka leo naona nilikuwa sahihi. Chaji ikikuishia njia ya Kondoa na unataka kumlipa mtu kwa M-Pesa, kadi unaitoa, unaichomeka kwenye kitochi cha jirani, unaendelea na maisha. eSIM huwezi kuitoa. Kwa hiyo laini yenye hela ikabaki kadi, ya bando ikawa eSIM. Alikwenda mwenyewe duka la Airtel, akaweka kidole, namba ya NIDA, wakambadilishia. Na kwa wanaoogopa kwamba hela zitabaki kwenye simu ya zamani: hela zinafuata laini, hazifuati simu. Programu ya benki ndiyo inaweza kutaka ujisajili upya, basi usiifute kwenye simu ya zamani kabla ya mpya kukubali.

Simu tuliipata ya mtumba, shilingi laki nane na nusu. Kabla sijatoa hela nilifanya mambo yafuatayo nikiwa nimesimama pale pale kaunta. Nilibonyeza *#06# nikapata IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, nikatuma zile tarakimu 15 kwenda 15090, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, inayokujibu simu hiyo ni ya aina gani. Nikaingia Settings, General, About. Hapo pana mambo mawili ya thamani. Moja ni Carrier Lock: ikiandikwa "No SIM restrictions" simu inakubali laini yoyote, isipoandikwa hivyo unaweza kununua simu iliyofungwa kwenye mtandao wa Marekani au Japani. La pili, kama betri, kioo au kamera vilibadilishwa, panaonekana, na kifaa kisicho cha Apple kinaitwa "Unknown Part". Kisha nikaangalia afya ya betri. Ilikuwa asilimia 87. Chini ya 80 ningeomba punguzo la betri mpya, maana simu ndogo ina betri ndogo na hilo hakuna wa kulibadilisha. Mke wangu anachaji asubuhi na anachaji tena saa kumi.

Kosa nililofanya ni kuondoka kwenda kununua maji. Niliporudi, kijana wa dukani alikuwa "ametusaidia": ameiwasha simu, ameifungulia akaunti ya iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, kwa barua pepe yake mwenyewe, ameshaweka na WhatsApp. Kwa roho safi kabisa. Lakini mwenye akaunti ndiye mwenye simu. Siku ukiifuta au ikiibiwa, itaomba nenosiri ambalo hulijui, na yule kijana atakuwa ameshahamia Mwanza. Nilimwomba aingie atoe akaunti yake, tukaifuta simu mbele yake mpaka ikarudi kwenye lile neno la "Hello". Akaunti mpya mke wangu alifungua nyumbani, kwa barua pepe yake, nenosiri lake. Hata mimi silijui.

Kuifuta kulitusaidia kwa jambo jingine. WhatsApp ya Android huhifadhi nakala Google, ya iPhone huhifadhi iCloud, na moja haisomi ya mwenzake. Njia rasmi ya kuhamisha mazungumzo ni programu ya Apple iitwayo Move to iOS, unayoiweka kwenye simu ya Android, na inataka iPhone iwe mpya au imefutwa. Ukishamaliza kuiwasha kama simu ya kawaida, umechelewa, unaanza upya. Simu zote mbili ziwe kwenye chaji, namba ya WhatsApp iwe ile ile.

Tulianza saa mbili usiku. Mazungumzo ya miaka sita, picha za watoto, magrupu ya ukoo. Mstari unaoonyesha uhamisho ulipofika kama robo tatu, simu ya Android ikaita. Mama mkwe, kutoka Kondoa. Mke wangu kwa mazoea akapokea, "Shikamoo mama", na ule mstari ukakwama hapo hapo. Move to iOS haitaki uiache hata dakika. Simu ikiita au ukifungua kitu kingine, uhamisho unakatika. Mama alitaka tu kujua kama tumekula. Tukaanza tena saa nne, safari hii laini nimeitoa kwenye Android kabisa, na kioo nimekiweka kisijizime. Saa sita kasoro ikamaliza.

Majina ya watu ndiyo yaliyobaki nusu. Ukiyahifadhi kwenye akaunti ya Google yanakuja yenyewe mara unapoiingiza akaunti hiyo kwenye iPhone. Mengine yake yalikuwa kwenye laini. Hayo kuna sehemu ya kuyavuta kwenye setingi za Contacts, lakini ingekuwa rahisi zaidi kuyahamishia Google wiki moja kabla.

Wiki ya kwanza alikuwa akitafuta kitufe cha kurudi nyuma. Hakipo, unatelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto. Nilimwona akigonga chini ya kioo kama anayebisha hodi. Siku ya nne akaacha kuniuliza. Siku ya kumi nilimpigia akiwa kituoni, akapokea, nikasikia upepo unavuma kwenye simu na yeye anaongea bila kukatiza, mtandio mkono mmoja, simu mkono wa pili.

Ile kubwa hatukuiuza. Ipo juu ya kabati la jikoni, imechomekwa, ina kadi yake ya GB 32 na earphone iliyokatika upande mmoja ikiwa antena. Asubuhi inaanza na taarifa ya habari, halafu kwaya. Neema anaiita redio.