Ukienda Hyrax Hill, usiishie vyumbani

Mgeni akija Nakuru, swali la kwanza huwa ni kama ameshaona flamingo, la pili kama ameshapanda Menengai. Hyrax Hill, kilima chenye makumbusho na mabaki ya watu wa kale, haitajwi, na jambo hilo linaniuma, kwa sababu kilima chenyewe kiko kilomita nne hivi kutoka katikati ya mji, kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi. Panda matatu yoyote ya kuelekea Gilgil au Naivasha, mwambie makanga akushushe kwenye njia ya Hyrax Hill, kisha tembea kama kilomita moja. Hakuna safari rahisi kuliko hiyo.

Nimepeleka watu wengi pale: jamaa, wageni wa kanisa, watoto wa ndugu zangu. Wengi hufanya jambo lile lile. Wanaingia kwenye nyumba ya makumbusho, wanazunguka vyumba vyake vichache, wanapiga picha mbele ya vyungu, kisha wanageuka na kuuliza tunakula wapi. Nyumba yenyewe ilikuwa makao ya mkulima mzungu, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1965. Ni ndogo. Ukiipima Hyrax Hill kwa ukubwa wa nyumba hiyo, utaondoka ukidhani umepoteza nauli. Makumbusho yenyewe hasa ni ardhi iliyo nje, na vyumba vile vinakuandaa tu kuisoma ardhi hiyo.

Kwa hivyo, ndani, tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni mabakuli ya mawe. Wafugaji walioishi hapa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita walichonga mabakuli na michi ya mawe, na baadhi ya vyombo hivyo vilifukiwa makaburini pamoja na wafu wao. Cha pili ni vipande vyeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika. Hiyo ni obsidiani, kioo kinachotokana na volkano, na ndicho walichotumia kutengeneza visu na vikwaruzio vya ngozi. Kitazame vizuri, kwa sababu ukitoka nje macho yako yataanza kukiona njiani, katikati ya vumbi na majani. Ukikiona, kiache hapo hapo. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuondoa mabaki kama hayo, lakini hata bila sheria, kipande kilichotolewa mahali pake hakiwezi tena kumwambia mtafiti lolote la maana. Wazazi, pekueni mifuko ya watoto kabla ya kuondoka.

Ukimaliza vyumba, omba mwelekezi. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Bila mwelekezi utapita juu ya historia ya watu ukidhani ni mabonde ya kawaida ya malisho. Malipo ya kuingia siku hizi hupitia mtandao wa eCitizen, kwa hiyo hakikisha simu ina chaji na bando, na utenge kitu kidogo cha kumshukuru aliyekutembeza kwenye jua.

Mwambie akupeleke kwenye mashimo ya Sirikwa, watu wa zamani wa nchi hii ya juu. Yako zaidi ya kumi, duara zilizodidimia ardhini, nyingi zimejaa nyasi. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipochimba hapa mwaka 1937 na 1938, aliyachukua kuwa nyumba za chini ya ardhi, na wengi waliamini hivyo kwa muda mrefu. Baadaye watafiti, hasa John Sutton, walionyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe. Nilikuwa na binti wa kaka yangu siku mwelekezi alipotueleza hayo, naye hakuridhika.

"Shangazi, kama hawakuandika chochote, nani amesema hili ni zizi?"

Mwelekezi alifurahi kuliko mimi. "Hilo ndilo swali, mwanangu. Hebu simama hapa. Mlango wa shimo umeelekea wapi?"

Akaangalia. "Chini, kwenye mteremko."

"Na kile kichuguu pale nje ya mlango ni nini?"

Ni samadi na matope yaliyokuwa yakitolewa zizini mwaka baada ya mwaka, yakarundikwa upande wa chini. Nyumba za watu zilijengwa ubavuni mwa zizi, na ukitaka kuingia nyumbani ulipitia kwanza kwa ng'ombe. Mwizi angewafikiaje? Mtoto akaelewa mpango mzima wa boma bila kusoma bango hata moja. Tangu siku hiyo nawashauri wote ninaowapeleka waulize "mmejuaje?" kila wanapoambiwa jambo. Mwelekezi mzuri hulipenda swali hilo. Linakuonyesha pia kwamba elimu hii inaishi na inasahihishwa: mwaka 1937 hata njia ya kupima umri wa mifupa na makaa kwa kaboni haikuwapo, na ng'ambo ya kilima kuna sehemu ambapo makazi ya watu wa enzi za chuma yalikaa juu ya makaburi ya wale wafugaji wa kale, tabaka juu ya tabaka. Kuzitenganisha enzi hizo ilikuwa kazi ya mikono na macho.

Ukiweza, nenda na mzee. Jirani yetu mmoja ana mama yake kutoka Nandi, kogo, yaani bibi, wa miaka mingi, na tulipompeleka ndiye aliyetufundisha sisi. Jina la Sirikwa alilijua tangu utotoni, kwa kuwa masimulizi ya Wakalenjin yanawataja kama watu waliokuwa wakiikalia nchi hiyo ya juu zamani, na mashimo kama haya yametapakaa Uasin Gishu, Nandi hadi huku kwetu. Alisimama ukingoni akaturudishia hadithi alizosikia kwa bibi yake, na mwelekezi akanyamaza kumsikiliza. Njia si ngumu kwa mzee akienda polepole na fimbo, mradi umwepushie kile kilele cha mawe.

Usipite bao bila kuketi. Kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba, safu kwa safu. Mjaluo atakuambia hiyo ni ajua, Mkikuyu ataiita giuthi, na kabla hamjamaliza kubishana mtakuwa mmeokota kokoto na kuanza kucheza. Mchezo ni ule ule. Kwangu mimi, hapo ndipo watu wa kale huacha kuwa habari za vitabuni.

Kisha upande juu. Kuna ukuta wa mawe ulioporomoka kileleni, na ukibahatika utawaona pimbi wakiota jua miambani. Tazama ziwa. Takriban miaka 9,000 iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi, Ziwa Nakuru na Elementaita yalikuwa ziwa moja lenye kina kirefu, na maji yalikuja hadi kwenye kilima hiki. Watu wengi husikia hayo kama ngano. Lakini sisi tuliokuwa Nakuru miaka hii ya karibuni tumeliona ziwa likipanda hadi likameza lango kuu la hifadhi na kuwatoa watu majumbani mwao upande wa Mwariki. Ukisimama pale juu huku unayakumbuka hayo, unaacha kuiona historia ya hali ya hewa kama somo la mbali. Naomba wanaopanga jiji hili, lililopewa hadhi hiyo mwaka 2021, wapande pale kabla ya kugawa ploti za bondeni.

Neno kwa walimu. Tafadhalini, msilete basi mbili za watoto kwa nusu saa. Nimewaona wakisukumwa mstarini mlango hadi mlango, wakinakili mabango wasiyoyaelewa. Heri darasa moja na asubuhi nzima. Mpe kila mtoto karatasi achore kitu kimoja tu, kisha aeleze kilitumikaje na kwa nini anafikiri hivyo.

Mengine ni machache: fika asubuhi kabla jua halijawa kali, vaa viatu vilivyofungwa kwa sababu ya miiba, beba maji na kofia. Chakula utapata ukirudi mjini.

Na ikiwa umeipenda, usiunganishe Kariandusi, eneo jingine la mabaki ya kale, siku hiyo hiyo ingawa iko barabara hiyo hiyo, kando ya Elementaita. Shoka za mawe za Kariandusi, zilizogunduliwa mwaka 1928 wakati wa utafiti wa Louis Leakey, ni za mamia ya maelfu ya miaka, na zimeachwa zimelala pale pale zilipochimbuliwa. Zitengee siku yake, ukiwa na miguu iliyopumzika na maswali mapya.