Panya Kupoa Si Homa Kushuka

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya pili, na utafiti wangu naufanyia Bagamoyo. Nimewanywesha panya weupe maji ya majani ambayo mjomba wangu huyauza sokoni kama dawa ya homa. Chumba kina kiyoyozi, nyuzi 22. Panya walilala na njaa kama ilivyo kawaida, asubuhi nikawapa dawa kwa mrija, na baada ya saa moja joto lao likawa limetoka nyuzi 37.4 hadi 34.1. Nimesoma kwamba serotonini hushusha joto la panya. Je, naweza kuandika kwamba dawa hii hupandisha serotonini ubongoni? Mjomba ameshaanza kuchapisha lebo.

JIBU: Marahaba. Usiandike hivyo, na mjomba mwambie asitishe kazi ya lebo leo leo.

Kila msimu wa tasnifu swali hili hunifikia hapa Tanga. Hubadilika mti tu. Panya kapoa, mwanafunzi kafungua kitabu, kakuta jina la kemikali ya ubongo, kalibandika. Hii tabia ya kuipa kila kemikali kazi moja, serotonini ya furaha, dopamini ya raha, inaniudhi kuliko makosa yote ya hesabu ninayosahihisha.

Serotonini haina upande mmoja. Ikishika vipokezi (milango ya seli inayopokea kemikali) vinavyoitwa 1A, panya hupoa. Ikishika vya 2A, huyo huyo hupata joto. Mwaka 1963 watafiti Feldberg na Myers walidunga serotonini kwenye mifereji ya maji ya ubongo wa paka, joto likapanda. Walipodunga noradrenalini, kemikali nyingine ya ubongo na neva, likashuka. Waliojaribu kwa sungura baadaye wakakuta kinyume chake. Na noradrenalini hiyo hiyo, ikitolewa na neva zinazofika kwenye mafuta ya kahawia kati ya mabega ya panya, huyawasha mafuta hayo na kumpasha mwili mzima. Dopamini nayo ina lake: ukimpa panya apomofini, inayoiga dopamini, anapoa. Sasa wewe umemwona mnyama kapoa. Nani kampoza kati ya hao?

Huenda hakuna hata mmoja. Panya wa gramu 25 ni kitu kidogo chenye ngozi nyingi kuliko nyama, joto linamtoka kila upande. Hali ya hewa anayokaa bila kuhangaika ni karibu nyuzi 30. Kwa nyuzi 22, ambazo wewe na mimi tunaziona raha, yeye anachoma chakula mchana na usiku ili asigande. Chochote kinachoupunguza huo moto kitamshusha joto: pombe, dawa ya usingizi, sumu ya panya yenyewe.

Na njaa, kijana wangu. Ukimnyima panya chakula usiku kucha kwenye chumba cha baridi, anaweza kuushusha mwili kwa makusudi, kama chemli iliyopunguzwa utambi, hata chini ya nyuzi 31, bila kuonja dawa yoyote. Hukunitajia panya walionyweshwa maji matupu. Walikuwepo? Na chupa ya dawa ilitoka wapi, kwenye friji? Robo mililita ya maji ya nyuzi 4 ndani ya tumbo la mnyama mdogo vile inamwondolea karibu theluthi ya nyuzi moja peke yake. Ndogo, lakini utaihesabia dawa.

Nami yalinikuta. Februari moja, kaskazi imeshika, umeme ukakatika kwenye nyumba ya wanyama niliyofanyia kazi na jenereta likagoma. Chumba kikafika nyuzi 31. Dawa iliyokuwa ikiwapoza panya wiki nzima, siku hiyo haikufanya kitu. Tulilaumu dawa, tukasema imeharibika, tukaagiza nyingine. Wiki mbili zikapita kabla hatujakitazama kipimajoto cha ukutani.

Kwa hiyo rudia, panya wakiwa wameshiba, chumba kikiwa nyuzi 30, na kundi la maji matupu liwepo. Wazoeshe kushikwa siku kadhaa kabla, maana hofu ya mkono wako inawapandisha joto ndani ya robo saa. Kisha wape homa kweli kwa sindano ya hamira chini ya ngozi. Dawa ya homa, kama parasetamoli kwa kipimo cha kawaida, huzuia prostaglandini, kemikali ya mwili inayoiambia haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto, ilipandishe. Mwenye homa anashuka, mzima habadiliki sana. Dawa yako imewashusha wazima nyuzi tatu na zaidi. Mimi hapo ningeanza kuulizia sumu. Ukiona bado inapoza, wape kwanza WAY-100635, inayoziba vipokezi vya 1A. Panya wakikataa kupoa, hapo ndipo utaje serotonini.

Lakini tuje kwa mjomba na wenzake, wanaouza chupa hizi kwa sauti ya spika tangu asubuhi. Tuseme lebo ni ya kweli na majani yanapandisha serotonini. Mtu si panya. Serotonini ikizidi kwa mtu, joto hupanda, na linaweza kupita nyuzi 41: anatetemeka, misuli inakaza, jasho linamtoka, anachanganyikiwa. Hutokea hata hospitalini, mgonjwa anayetumia fluoksetini, dawa ya sonona, akiongezewa tramado, dawa ya maumivu. Panadol haisaidii hapo, kwa sababu joto linatoka kwenye misuli, haipothalamasi haijaagiza homa. Mteja wa mjomba anayemeza tramado kwa maumivu ya mgongo, na wa aina yake ni wengi huku pwani, atakunywa chupa nyingine akidhani bado hajapoa.

Na mtoto mwenye homa Bagamoyo au Muheza anatakiwa atobolewe kidole apimwe malaria siku hiyo hiyo. Majani yanayomfanya awe baridi mkononi mwa mama yake yanaweza kuwa yamempa mama siku mbili za kusubiri, na vijidudu siku mbili za kuzaliana.

Matokeo ya panya walioshiba ukiyapata, niletee na yale ya maji matupu pamoja.