Mgonjwa "ameanza kurespondi": anajibu, anaitika au amezinduka?

SWALI: Mi ni mwanafunzi wa unesi. Wodini tukikabidhiana zamu utasikia "mgonjwa wa kitanda cha dirishani ameanza kurespondi". Ndugu zake wakaniuliza ndo nini hicho, nikawaambia ameanza kujibu. Wakafurahi wakijua anaongea, kumbe ukimwita anafumbua macho tu. Kiswahili chake hasa ni kipi?

JIBU: Mdogo wangu asante, hili swali ni zito kuliko linavyoonekana, maana ndugu wa mgonjwa wanashika kila neno linalotoka mdomoni kwa nesi. Hicho kitenzi cha Kiingereza kinabeba mambo mengi kwa pamoja na sisi tumeyatenga, kwahiyo ukitafuta neno moja la kuziba pengo lote utawapotosha watu kila siku.

Kujibu lazima kuwe na swali, au barua, au hoja. Unamuuliza "jina lako nani?" anakwambia, huyo kajibu. Kuitika ni kwa aliyeitwa: unasema "Mama Asha!" yeye anatoa "abee", au "naam", au "labeka" (ambayo asili yake ni ile labbayka ya Kiarabu wanayoisema mahujaji Makka), hata "mmh" tu inatosha, ameonyesha kasikia. Hajakujibu chochote bado maana hujamuuliza kitu. Ndo maana mtoto akiitwa akakaa kimya mzazi anafoka "nakuita huitiki?", hasemi "hujibu?", labda awe ameshamuuliza jambo.

Sasa rudi wodini. Kile kipimo chenu cha Glasgow, cha kupima kiwango cha fahamu za mgonjwa, alichokitoa Teasdale na mwenzake Jennett mwaka 1974, nacho kinatenga hivyo hivyo: macho yana alama 1 hadi 4, maneno 1 hadi 5, viungo 1 hadi 6, na mtu anayefumbua macho akisemeshwa anapata 3 kwenye macho hata kama kwenye maneno ana 1. Kwahiyo huyo wa kwako hajajibu, na mi hata kuitika nisingesema mpaka atoe sauti au atikise kichwa. Waambie ndugu zake kilichopo: "ukimwita anafumbua macho, ila hajaanza kuongea". Ni ndefu lakini ni ya kweli, na hakuna atakayekimbilia kupiga simu kijijini kusema mgonjwa kaongea.

Kuzinduka ni hatua nyingine kabisa, hilo la aliyezimia au aliyepoteza fahamu akarudi, unaweza pia kusema fahamu zimemrudia. Usiseme "ameamka", mtu anaamka usingizini, na ndugu wakisikia hivyo watajua muda wote alikuwa amelala.

Halafu kuna kuitikia, ambayo watu wanaichanganya sana na kuitika. Zote zimetoka kwenye ita, ila ikishaongezwa hiyo -ia inataka kitu cha kuitikiwa. Unaitikia salamu, mtu akikupa shikamoo unasema marahaba. Unaitikia dua kwa amina. Kwenye ngoma mmoja anaanzisha wengine wanaitikia, na ndo tukapata kiitikio, ambacho kwenye shairi wengine wanakiita kibwagizo au mkarara. Na unaitikia wito, hapa naomba uniangalie vizuri, kuitikia wito sio kukubali ulichoitiwa, wazee wanasema usikatae wito, kataa neno. Umeenda, umesikiliza, umekataa, bado wito umeuitikia.

Mwitikio nao siku hizi umeenea kila mahali, "mwitikio wa wananchi kwenye chanjo ni mkubwa", hiyo iko sawa kabisa maana watu waliitwa wakaja. Ila "nasubiri mwitikio wa barua yangu" inaniumiza masikio, barua inangoja majibu.

Na mkizungumzia matibabu, yaani ile ya mgonjwa kurespondi kwa dawa, Kiswahili kipo na kila bibi anakijua: dawa imemkubali, au dawa imemkataa. Kwenye ripoti rasmi andika "hali yake inaimarika baada ya kuanza dawa", halafu taja kilichobadilika, homa imeshuka au anapumua vizuri, ili wa zamu inayofuata ajue pa kuangalia.