Upepo wa tairi haupimwi kwa teke

Maswali ya safari hii yote ni ya upepo. Nusu yenu mmeuliza "nijaze ngapi?" bila hata kutaja gari. Jibu lenu liko hapo chini, kwa huyu wa kwanza, na sitalirudia.

Nina Toyota IST. Fundi wa kijiweni kwetu anajaza 40 matairi yote manne, anasema ni kwa sababu ya barabara mbovu. Ni sawa? (Dereva, Kimara)

Si sawa. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo karibu na kitasa: kuna stika. Magari ya Japani mengi yameandikwa kwa kPa. Gawanya kwa 6.9 upate psi, kipimo kile cha 40 ya fundi wako. 220 ni 32, 230 ni 33 na ushee. Hicho ndicho kiwango cha gari lako, mbele na nyuma, ilimradi saizi ya tairi ni ileile iliyoandikwa hapo. Ile 44 au 51 iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni kikomo ambacho tairi halitakiwi kuvuka. Wanaoijaza kama kipimo ni wengi, na mafundi wamo.

Anayebeba gari ni upepo. Tairi ni mfuko wake tu. Gari la kilo 1,200 linaegemeza kama kilo 300 kwa kila gurudumu. Upepo wa psi 32 unabeba kilo 2.25 kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo tairi linakanyaga sentimita za mraba 133 hivi, ukubwa wa kiganja. Ukiwa na 20 eneo hilo linavuka 210, na nyongeza yote inatokana na ubavu kukunjika. Kwenye mwendo wa 80 ubavu huo unakunjwa mara 12 hivi kwa sekunde. Kunja waya harakaharaka kwa vidole halafu ushike ulipokunja, utaelewa tairi laini linapata moto kutoka wapi.

Ukizidisha nako kuna gharama yake: tairi linavimba mgongo, linalika katikati, linashika barabara vibaya, na kila shimo linapigwa moja kwa moja hadi kwenye bushi, ile mipira ya maungio ya chini ya gari. Ubovu wa barabara basi ni sababu ya kutozidisha.

Nilitoka Dar na 32. Chalinze geji ikasoma 37, nikapunguza. Nilikosea?

Ulikosea, na kosa hili ndilo linalonikera kuliko yote, maana anayelifanya anaamini anajilinda. Kila nyuzi 10 za joto zinaongeza kama psi 1 na nusu. Aliyeandika stika alishaliweka hilo kwenye hesabu. Namba yake ni ya tairi baridi, lililosimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, au lililotembea chini ya kilomita 2. Ulipolirudisha kwenye 32 likiwa la moto, kesho yake asubuhi lina 27. Hapo ubavu unakunjika zaidi, moto unazidi, nawe ukisimama tena unapunguza tena. Ukilazimika kujaza njiani tairi likiwa na moto, jaza, ila usitoe. Sawazisha asubuhi, kwa geji yako mwenyewe. Geji za vituo vya mafuta zimeangushwa mara nyingi mno.

Kupiga teke hakutoshi?

Hapana. Tairi la 22 na la 32 yanatoa mlio mmoja.

Nikipanda Mbeya kutoka Dar, mwinuko unabadilisha presha?

Swali zuri, tofauti na mengi. Geji inapima upepo wa ndani ukitoa mgandamizo wa hewa ya nje. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ya nje ni hafifu zaidi, kwa hiyo geji inapanda kama psi 2 na nusu. Lakini kama Dar ulipima kwenye nyuzi 32 na Mbeya asubuhi ni 17, baridi nayo inashusha zaidi ya psi 2. Vinakaribia kufutana. Usiguse kitu.

Naitrojeni inafaa?

Hewa ya bure ina asilimia 78 ya naitrojeni tayari. Faida yake ya kweli ni ukavu. Kabla hujalipia, muulize fundi lini mara ya mwisho alifungua koki ya chini ya tangi la kompresa kumwaga maji. Dar, kwa unyevu huu, ni kazi ya kila siku.

Tairi moja linapungua kila wiki, msumari hauonekani.

Psi 1 kwa mwezi ni kawaida. Kwa wiki ni tundu. Anza na valvu: toa kifuniko, paka mate mdomoni mwa valvu. Povu likivimba, kaza kile kisindano cha ndani au kibadilishe. Pinda shina la valvu pembeni uone kama mpira umechanika chini. Kisha paka maji ya sabuni kuzunguka rimu, pande zote mbili. Kwa magari ya pwani mimi hushuku hapo kwanza: kutu imeinua mdomo wa tairi, ule ukingo unaokaa kwenye rimu. Tairi litolewe, rimu ipigwe brashi ya waya hadi iwe laini. Na ukiona unga mweusi ndani ya tairi, ubavu umeshasagika. Usizibe, tupa.

Spea nyembamba?

Psi 60, mwendo usizidi 80. Wengi wanaikuta na 25 siku ya shida.

Kijana wa gereji anamwaga petroli ndani ya tairi la Fuso na kuwasha ili mdomo ukae kwenye rimu. Ni salama?

Mwondoke hapo. Ule ni mlipuko, na hakuna anayeupima. Tairi la lori linajazwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kibanio kinachojishika kwenye valvu, mtu akiwa amesimama pembeni, kamwe si mbele ya pete ya rimu. Na likiwa limetembea chini ya asilimia 80 ya upepo wake, lisijazwe likiwa bado kwenye gari: toa upepo wote, livue, likaguliwe ndani kwanza. Waya za ubavu zilizokwisha kuchoka huachia mara moja, kama zipu.