Nuru Kabla ya Jua

Ndugu yangu, umeuliza kama kutilia shaka kwamba siku sita za uumbaji katika kitabu cha Mwanzo zilikuwa za saa 24 ni kuikana imani, kwa kuwa nuru inatajwa siku ya kwanza ilhali jua linaumbwa siku ya nne. Swali hilo si geni: Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alilitafakari mwanzoni mwa karne ya 5, akaona kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja na kwamba siku hizo si kama zetu. Usianzie kwenye mabishano ya sayansi, ambayo huchosha bure. Soma kwanza Mwanzo 2:7 na 2:19, ambapo mtu anafanywa kwa mavumbi ndipo wanyama wanatajwa, kinyume cha mpangilio wa sura ya 1, kisha umwulize mchungaji wako kwa upole anazisomaje sura hizo pamoja.